Safari ya kwanza ya meli ya kitalii: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa msafiri wa Afrika Mashariki ambaye hajawahi kulala baharini kwenye meli ya starehe, na kwa jamaa zetu wa Ghuba na Ulaya wanaotaka kuwaalika wazazi. Tumeyapanga kwa mfuatano wa kazi yenyewe: njia na viza mwanzo, bei na kabini baadaye, kisha siku ya kupanda na maisha ya ndani. Wengi huanza na picha ya bwawa la kuogelea lililo juu ya sitaha, wakalipa, ndipo wakagundua kwamba bandari ya tatu inadai viza ambayo hawataipata kwa wakati.

Nianzie wapi?

Anzia kwenye pasipoti. Iwe na muda wa miezi 6 baada ya siku ya kurudi, na kurasa tupu zisizopungua nne. Kisha andika kwenye karatasi bandari zote za safari unayoitaka, moja baada ya nyingine, na mbele ya kila moja andika nchi yake na sharti lake la kuingia kwa raia wa nchi yako. Orodha hiyo ndiyo itakayokuambia kama safari inawezekana. Meli uichague baada ya hapo.

Je, naweza kupandia Mombasa au Unguja?

Kwa kawaida hapana. Mombasa ina jengo lake la abiria wa meli za kitalii, na Unguja hupokea wageni wa aina hiyo kila msimu, lakini meli hizo huwa zimo katikati ya safari ndefu na abiria wake wamepandia kwingine. Panga kuruka kwa ndege hadi bandari ya kuanzia, na uiweke nauli ya ndege kwenye hesabu tangu siku ya kwanza.

Njia ipi inamfaa mtu wa mara ya kwanza?

Kwa Mkenya au Mtanzania, tunapendekeza Durban. Raia wa nchi hizi mbili huingia Afrika Kusini bila viza kwa matembezi ya hadi siku 90 kwa mwaka, na hilo peke yake huondoa nusu ya kazi. Msimu huanza kama Novemba na kuendelea hadi kama Machi au Aprili ya mwaka unaofuata, na safari nyingi ni za usiku 3 hadi 5. Bandari zake ni fukwe za Msumbiji: Kisiwa cha Wareno kilicho karibu na Inhaca, kwenye ghuba ya Maputo, na Pomene iliyo mbele zaidi kaskazini. Usiku 3 zinatosha kukuonyesha kama maisha ya meli yanakupendeza kabla hujaweka akiba ya mwaka mzima kwenye safari ndefu. Sharti la Msumbiji liulize ubalozini hata kama huna nia ya kushuka. Wasomaji wetu wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo waulizie pia la Afrika Kusini, kwa sababu si sawa kwa kila pasipoti.

Kuna upande wa pili, nao tuuseme wazi. Msimu wa Durban unaangukia ndani ya msimu wa vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, Novemba hadi Aprili. Tena fukwe hizo hazina gati: meli hutia nanga nje na abiria hupelekwa pwani kwa boti ndogo. Mawimbi yakiwa makubwa, kapteni hufuta kushuka. Kwa hiyo nenda ukiwa umekubali kwamba huenda ufuo ukauona kwa macho tu.

Ghuba ni chaguo la pili. Majira yake ni Novemba hadi Machi, kwa sababu kiangazi huko hupita nyuzi 40. Safari nyingi ni za usiku 7 kuanzia Dubai, Abu Dhabi au Doha, na nyingine hufika Muscat. Pale meli hufunga Matrah, hatua chache kutoka sokoni, na si ajabu kujibiwa kwa Kiswahili na mwenye duka. Ila usikate tiketi ya ndege ya Ghuba kabla kampuni haijathibitisha kwamba meli ipo huko msimu huo. Tangu hali ya Bahari ya Shamu ilipoharibika kwa meli kushambuliwa mwishoni mwa 2023, kampuni nyingi zimehamisha meli au kuzizungusha Rasi ya Tumaini Jema.

Mediterania ina bandari nzuri kuliko zote kwa mtu anayependa historia: Barcelona, Marseille, Genoa, Napoli, Civitavecchia kwa ajili ya Roma. Ni njia yenye makaratasi mengi. Karibiani inaanzia sana Miami na Fort Lauderdale, na kwetu ni mbali mno kwa safari ya majaribio. Inafaa zaidi kama una ndugu Marekani unayemtembelea hata hivyo. Msimu wa vimbunga huko ni 1 Juni hadi 30 Novemba, na ndiyo sababu bei za Septemba huwa chini.

Viza ya kuingia mara moja inatosha?

Mara nyingi haitoshi, na hapa ndipo wageni wengi hukwama. Meli ikitoka Dubai kwenda Muscat na kurudi Dubai, umetoka nje ya Falme za Kiarabu na unaingia tena. Ikitoka Barcelona, ikagusa Tunis au Istanbul na kurudi Ulaya, umetoka nje ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya mara moja inakuwa imekwisha kazi ungali katikati ya bahari. Omba ya kuingia mara nyingi, na kwenye barua ya maombi eleza kwa tarehe kwamba meli itatoka na kurudi.

Viza fupi ya Schengen hugharimu euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Unaweza kuiomba miezi 6 kabla ya safari, na usikubali kuiomba chini ya siku 15 zilizobaki. Kwa usalama, fanya hivyo zaidi ya miezi mitatu kabla. Ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, kwa nchi unayoingilia kwanza. Ambatisha uthibitisho wa meli wenye orodha ya bandari, hoteli ya usiku wa kabla na wa baada, tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000.

Kwa meli za Miami unahitaji viza ya matembezi ya Marekani, B1/B2, ya kuingia mara nyingi. Ile ya C1/D ni ya wafanyakazi wa meli. Usiikubali kutoka kwa wakala yeyote kama wewe ni abiria.

Kama sitashuka kwenye bandari fulani, bado nahitaji viza yake?

Chukulia kwamba unaihitaji mpaka kampuni ikuandikie vinginevyo. Baadhi ya nchi hazimsumbui abiria anayebaki melini au anayeshuka kwa siku moja, lakini uamuzi wa kukupandisha uko mikononi mwa mkaguzi wa pale gatini, naye hufuata orodha yake. Ukikosa hati ya bandari moja unaweza kuzuiwa safari nzima, na nauli hairudishwi. Uliza kwa barua pepe, ukitaja uraia wako, jina la meli na tarehe, kisha chapisha jibu na uende nalo.

Hati gani nyingine nibebe?

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Sindano huhesabiwa kuwa halali kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Ukisafiri na mtoto bila mzazi wake mmoja, beba cheti cha kuzaliwa na barua ya ridhaa ya mzazi aliyebaki, iliyogongwa muhuri na wakili. Jina kwenye tiketi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi. Anayeitwa Mwanaisha kwenye pasipoti asiandikishwe Aisha kwenye meli kwa sababu ndivyo anavyojulikana nyumbani.

Meli kubwa au ndogo?

Meli kubwa za leo ni miji. Icon of the Seas, iliyoanza kazi 2024, ina urefu wa mita 365 na inaweza kubeba zaidi ya abiria 7,000. Zina michezo mingi ya watoto, mikahawa mingi, na hutikisika kidogo. Kasoro yake ni foleni za kushuka, za lifti, na za bufee asubuhi. Meli ya abiria 2,000 hadi 3,000 ni kipimo kizuri cha kuanzia: ina kila kitu cha lazima, na siku ya pili tayari unajua njia ya kurudi kabini kwako. Wazee wenye magoti mabovu huchoka haraka kwenye meli ndefu, maana kutoka omo hadi tezi na kurudi ni zaidi ya nusu kilomita.

Nichague kabini gani?

Kuna aina nne za msingi. Ya ndani haina dirisha, ina ukubwa wa mita za mraba 13 hadi 17 hivi, na taa ikizimwa ni giza totoro. Ya dirisha ina kioo kisichofunguka. Ya roshani ina mlango wa kutokea nje na viti viwili. Ya nne ni ya kifahari, yenye sebule.

Kwa usiku 3 hadi 5, chukua ya ndani na utumie pesa iliyobaki kwenye ziara. Utakuwa humo wakati wa kulala tu. Kwa usiku 7 na zaidi, au kwa mtu anayebanwa na nafasi finyu, roshani ina thamani yake. Dirisha ni la katikati. Kabla ya kulilipia, angalia ramani ya sitaha uhakikishe halikuzibwa na boti ya uokoaji.

Mahali pa kabini ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Meli hucheza kama bembea ya ubao: ncha hupanda na kushuka, katikati hutulia. Kwa hiyo sitaha za chini, katikati ya meli, ndizo zenye utulivu. Kisha tazama ramani uone kilicho juu na chini ya kabini yako. Kabini yenye kabini juu na kabini chini ni tulivu. Iliyo chini ya bufee itakuamsha alfajiri kwa viti vinavyoburutwa, na iliyo juu ya ukumbi wa muziki haitakulaza kabla ya saa 7 usiku.

Kuna pia bei ya chini zaidi ambapo kampuni yenyewe hukupangia namba ya kabini siku chache kabla ya safari. Aina unayolipia unaipata, lakini mahali pake huchagui wewe. Asiyeumwa na bahari na anaye rafiki mmoja tu anaweza kuichukua. Familia yenye kabini mbili isiichukue, kwa sababu zinaweza kutenganishwa kwa sitaha nne.

Bei iliyotangazwa ni bei yote?

Sivyo. Bei ya tangazo ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaolala pamoja, na mara nyingi haina kodi za bandari. Anayesafiri peke yake anaweza kulipishwa hadi mara mbili. Mtoto anayelala kitanda cha tatu au cha nne hupewa nauli ndogo au hata bure, ila kodi za bandari analipa kamili.

Ndani ya nauli kuna kabini, chakula cha mkahawa mkuu na bufee, maonyesho ya jioni, mabwawa na klabu ya watoto. Nje ya nauli kuna soda na pombe, mikahawa maalumu, intaneti, ziara za nchi kavu, dobi, picha, na bahashishi. Bahashishi si hiari ya mfukoni kama ilivyo hotelini kwetu. Huongezwa kwenye bili kila siku, katika kampuni nyingi za Kimarekani kati ya dola 15 na 20 kwa kila mtu. Kwenye meli za Ulaya, maji ya chupa mezani mara nyingi hulipiwa, wakati yale ya mashine ya bufee ni bure.

Tuchukue mfano wa usiku 7 Mediterania, kabini ya ndani, watu wawili. Namba ni za kuonyesha namna ya kuhesabu, zibadilishe kwa bei utakazokuta. Kwa kila mtu: nauli dola 500, kodi za bandari 150, bahashishi 112, intaneti 100, ziara 150, ndege 600, nusu ya hoteli ya usiku mmoja 50, viza na bima 200. Jumla ni dola 1,862. Tangazo lilisema 500, yaani robo na kidogo tu ya gharama yenyewe. Fanya hesabu hii kabla ya kulipa amana.

Kifurushi cha vinywaji kina faida?

Kwa asiyekunywa pombe, karibu kamwe. Kampuni nyingi hudai watu wazima wote wa kabini moja wakinunue, kisha huongeza asilimia 18 hadi 20 ya huduma. Chai, kahawa ya kawaida, maji na juisi za asubuhi za bufee hutosha watu wengi.

Nikate tiketi lini, na kwa nani?

Kama viza inahitajika, miezi 6 hadi 9 kabla. Kampuni nyingi huchukua amana kwanza na kudai salio siku 60 hadi 90 kabla ya kuondoka. Baada ya tarehe hiyo, kila wiki unayochelewa kuifuta safari huongeza makato, hadi asilimia 100 katika siku za mwisho. Panga viza itoke kabla ya tarehe ya salio. Ofa nyingi hutoka Januari hadi Machi. Ofa za dakika za mwisho zinawafaa wanaoishi karibu na bandari na wasiohitaji viza, kwa mfano jamaa walioko Dubai wenye ukaazi.

Wakala mzuri hukupa namba ya oda ya kampuni ya meli yenyewe, si risiti yake tu. Ingia kwenye tovuti au programu ya kampuni, weka namba hiyo na jina lako, uone kabini na kiasi kilicholipwa. Asiyeweza kukupa namba hiyo ndani ya siku mbili baada ya kulipwa, dai pesa yako.

Mwisho wa kila msimu meli huhama kutoka eneo moja kwenda jingine, na safari hizo za kuhama huwa nafuu sana kwa usiku. Kwa mgeni tunazikataza. Ni za kwenda tu, zina siku nyingi za bahari mfululizo, na zinadai viza za pande mbili za dunia.

Mimi hutapika kwenye boti ya Dar kwenda Unguja. Nitaweza meli?

Wengi wanaosumbuka kwenye boti ile hawaumwi kabisa kwenye meli kubwa. Boti ni nyepesi na ina mwendo wa kasi, kwa hiyo hupiga kila wimbi, hasa wakati wa kusi. Meli ya kitalii ina uzito mkubwa na mapezi ya chuma yanayotoka ubavuni chini ya maji kuzuia isilale huku na huku. Bado bahari ikichafuka utaisikia.

Dawa hufanya kazi ikitangulia ugonjwa. Sinarizini, meklizini au dimenhidrineti hunywewa saa moja au mbili kabla ya meli kuondoka, kwa kipimo cha mfamasia. Ukisubiri mpaka uanze kutapika, tumbo halitaishika tena. Nyingi huleta usingizi. Mjamzito na mwenye presha ya macho amuulize daktari kwanza. Bila dawa: kaa katikati ya meli, toka nje utazame upeo wa bahari, kula biskuti kavu na tufaha la kijani, kunywa chai ya tangawizi. Usilale na njaa ukidhani tumbo tupu ni salama, maana ndilo linalochafuka haraka. Na weka simu chini: kusoma huku sakafu inacheza ndicho kitu cha haraka zaidi cha kukuangusha.

Niruke siku ile ile ya kupanda?

Usifanye hivyo. Fika siku moja kabla, na ukibadilisha ndege mara mbili fika mbili kabla. Ndege ikichelewa, meli haikusubiri, na kuifuata bandari ya pili kunahitaji viza ya nchi ile na tiketi ya ghafla. Pima pia umbali wa bandari na jiji linalotajwa kwenye tangazo. "Roma" ni Civitavecchia, zaidi ya kilomita 70 na kama saa moja kwa treni. "Florence" ni Livorno. "London" mara nyingi ni Southampton, mwendo wa zaidi ya kilomita 120. Durban ni rahisi: jengo la abiria liko mjini, na uwanja wa King Shaka uko kama kilomita 35 kaskazini.

Nisibebe nini?

Pasi, birika la umeme, hita ya kuchemshia maji, jiko la umeme, mishumaa, ubani wa kuchoma, visu na ndege zisizo na rubani. Moto ndio hofu kubwa ya mabaharia, na mkaguzi atavichukua avirudishe mwisho wa safari. Vyakula vya paketi vilivyofungwa huruhusiwa kuingia melini. Matunda, nyama na vyakula vya kupikwa usishuke navyo pwani. Nchi nyingi hutoza faini.

Soketi za kabini kwa kawaida ni za Ulaya, pini mbili za duara, na za Marekani, pini mbili bapa. Plagi yetu ya pini tatu haiingii, kwa hiyo beba adapta. Kuta za kabini ni za chuma: ndoana tatu za sumaku zitaning'iniza kofia, khanga na nguo za kuogelea katika chumba kisicho na misumari.

Mzigo mkubwa unauacha gatini nao hufika mlangoni kwako baada ya saa kadhaa, wakati mwingine jioni. Dawa, pasipoti, chaja na nguo moja ya kubadili zikae kwenye begi la mkononi.

Siku ya kupanda inakwendaje?

Siku kadhaa kabla, jisajili kwenye programu ya kampuni, pakia picha na pasipoti, uchague saa ya kufika. Fika saa hiyo hiyo. Utapitia ukaguzi wa mizigo, hati, picha, kisha utapewa kadi ambayo ni ufunguo wa kabini, kitambulisho na njia ya kulipia. Milango hufungwa saa moja hadi saa moja na nusu kabla ya meli kung'oa nanga.

Kabla ya kuondoka kuna zoezi la usalama, na ni lazima kwa kila abiria. Meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, watu 32 walikufa, na kati ya abiria walikuwemo waliopanda jioni ile na hawajafanya zoezi. Baada ya hapo sheria ya kimataifa ilibadilishwa: tangu 2015 zoezi hufanyika kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Ishara ya dharura ni milio saba mifupi ikifuatiwa na mmoja mrefu. Nenda kwa miguu hadi kituo chako cha kukusanyikia, hata kama programu inakuruhusu kutazama video kabini, na uhesabu milango kutoka kabini hadi ngazi. Ukiwa gizani au kwenye moshi, hesabu hiyo ndiyo itakayokuongoza.

Chakula halali kinapatikana? Na sala?

Samaki, mayai, mboga, wali na mikate vipo kila mlo. Nyama ni suala jingine: kwenye bufee nguruwe huwekwa jirani na vyakula vingine, na kijiko huhama. Andika ombi lako kwa kampuni wiki 6 hadi 8 kabla, kisha siku ya kwanza mwone msimamizi wa mkahawa mkuu, si mhudumu wa bufee. Kwenye mkahawa mkuu sahani yako hupikwa peke yake. Safari za Ghuba huwa na wepesi zaidi kwa jambo hili, ila usilichukulie kuwa la hakika bila kuuliza.

Meli chache sana zina chumba cha sala. Watu husali kabini. Kibla hubadilika meli inapogeuka, kwa hiyo usikariri ukuta; tumia dira kabla ya kila sala, lakini ukiwa roshani au sitahani, kwa sababu chuma cha kabini huipotosha. Runinga ya kabini nayo huonyesha ramani na upande meli inakoelekea.

Simu na intaneti?

Weka simu kwenye hali ya ndege kabla gati halijapotea machoni. Meli ina mtandao wake wa setilaiti wa simu, na laini yako ikijishika humo dakika chache za data zinaweza kula salio lote. Nunua kifurushi cha intaneti cha meli kabla ya safari. Ndani ya meli huwa ghali zaidi. Kumbuka kwamba benki na huduma za pesa za simu hutuma namba za siri kwa ujumbe mfupi, ambao hautakufikia baharini. Ada za shule na mishahara ya watu zilipe kabla.

Meli inaweza kuniacha bandarini?

Ndiyo, na huacha. Muda wa mwisho wa kurudi huwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kuondoka. Makosa makuu ni mawili. La kwanza ni saa: saa ya meli inaweza kutofautiana na ya nchi mliyopo, na simu hujibadilisha yenyewe. Vaa saa ya mkononi iliyowekwa kwa saa ya meli. La pili ni la kwetu sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo: ratiba ikisema 17:00 ni saa 11 jioni, na kwenye familia yenye simu tano kuna atakayeelewa vingine. Semeni pamoja, kwa sauti, kabla ya kushuka.

Ziara iliyonunuliwa kwa kampuni ya meli ikichelewa, meli huisubiri au kampuni inakufikisha bandari inayofuata. Ukienda na teksi yako ni nafuu mno, lakini jipe saa mbili za akiba. Beba picha ya pasipoti na namba ya wakala wa bandari, ambayo huandikwa kwenye ratiba ya kila siku.

Bandari ikifutwa narudishiwa pesa?

Kodi ya bandari ile na ziara ulizonunua melini, kwa kawaida ndiyo. Nauli, hapana. Mkataba humpa kapteni haki ya kubadili njia, na ni haki nzuri: anayelazimisha boti ndogo zishushe wazee kwenye mawimbi anatafuta maafa.

Nikiugua?

Kuna zahanati, daktari na wauguzi, na kila huduma hulipiwa papo hapo kwa dola au euro. Kumwona daktari na dawa kidogo kunaweza kufika mamia ya dola. Kuchukuliwa kwa helikopta au ndege ya wagonjwa ni makumi ya maelfu. Bima ya afya ya nyumbani usiitegemee. Nunua ya safari inayotaja meli, kuhamishwa kwa dharura, na nchi zote za ratiba.

Ugonjwa unaosambaa zaidi melini ni wa kuhara na kutapika unaoletwa na norovirusi. Jeli ya mikono haiui vizuri. Nawa kwa sabuni na maji kabla ya kugusa vijiko vya bufee, kila mara. Mjamzito atakayefikisha wiki 24 kabla ya mwisho wa safari hakubaliwi na kampuni nyingi. Mtoto mchanga awe na miezi 6, na miezi 12 kama kuna siku tatu au zaidi za bahari mfululizo.

Nivae nini usiku wa sherehe?

Kanzu na koti, suti ya Kaunda, gauni la kitenge, dera la heshima: vyote vinakubalika na vinapendeza. Kaptura na kandambili ndizo zinazorudishwa mlangoni. Beba na sweta, kwa sababu viyoyozi vya kumbi havina huruma.

Siku ya kushuka na bili?

Usiku wa mwisho weka mzigo nje ya mlango kabla ya muda uliotajwa, ukiwa na lebo ya rangi ya kundi lako, na usisahau kubakiza nguo za kuvaa asubuhi. Ndege ya kurudi isiwe kabla ya saa 8 mchana.

Melini hakuna fedha taslimu mkononi. Kila ununuzi hukatwa kwenye akaunti yako, ambayo uliiunganisha na kadi ya benki au ukaweka amana taslimu dawati la mapokezi. Kadi ya benki ya kawaida huzuiliwa kiasi fulani kila siku juu ya ulichotumia, na zuio hilo linaweza kukaa wiki nzima au zaidi baada ya safari. Kwa hiyo amana taslimu inafaa zaidi kwa wengi wetu. Soma bili usiku wa mwisho, si asubuhi ya kushuka wakati foleni imezunguka ukumbi. Ukiona kinywaji usichokinywa, nenda mapokezi usiku ule ule, watafungua risiti yenye sahihi na kukuonyesha.